Uzito wa Bi Riziki

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu mziweke pembeni. Mimi sikusoma sana. Nilipita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, herufi hizi nyingine nimezijulia ukubwani. Lakini nina hasira, na mwenye hasira haulizwi cheti.

Wiki iliyopita, ndani ya nyumba yangu, mjukuu wangu Sauda aliamka usingizi wa mchana akihema, jasho likimtoka. Alisema alikuwa anaiona dari, anawasikia kuku uani, lakini hawezi kuinua hata kidole, na kitu kizito kimemkalia kifuani. Jinamizi. Shangazi yake Hadija hakumpa hata maji. Alimwuliza, "Umemwona nani?"

Swali hilo lina maiti yake. Nitawaambia.

Mimi si mzaliwa wa Tabora. Nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, si mbali na Baraka. Niliolewa ningali binti mdogo, na mume wangu akisafiri na biashara yake ya chumvi nilibaki na mama yake, Bi Riziki. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na upishi wangu hakuwahi kuusifu. Asubuhi ile tulikuwa tunatwanga kisamvu, ambacho kwetu tunakiita sombe. Nilikuwa na mimba changa. Yeye alijua kabla sijamwambia.

"Mawese hayo unayapima kama dawa ya macho," aliniambia. "Mwanangu akirudi atadhani nimekufa, ndiyo maana analishwa hivi."

Nilicheka. Hata yeye alicheka.

Tulisikia milio upande wa barabarani, tukadhani watu wanapasua kuni. Kisha mbuzi wa jirani wakapita mbio bila mchungaji, na nyuma yao watu.

Tulikimbilia shamba la mihogo nyuma ya nyumba. Nilijikwaa, nikaanguka chali katikati ya matuta. Kabla sijainuka Bi Riziki akanilalia, mwili mzima, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya majani.

"Usitikisike."

Mabuti yakapita.

Mtu mmoja alisema neno. Mwingine akacheka. Kisha wakamimina risasi kwenye majani, hivihivi, kama mtu anayemwagia mchicha maji.

Bi Riziki alishtuka mara moja. Halafu akawa mzito.

Sikutikisika. Jua lilinipiga machoni kati ya majani, sisimizi walinitambaa shingoni, damu yake ilipenya nguo yangu ikiwa ya moto, kisha ikapoa. Nilikuwa macho na nilisikia kila kitu. Waliokuja kuutoa mwili wake juu yangu walidhani wanatoa maiti mbili.

Wenye bunduki walikuwa nani? Wengine walisema waasi, wengine askari wa serikali, wengine mamluki. Mimi niliona mabuti tu. Mume wangu hakurudi na chumvi yake, na mpaka leo kaburi lake silijui.

Nilivuka ziwa pamoja na watu wa kwetu, tukashukia Kigoma, nikapanda treni kuja Tabora kwa baba mkubwa wa mume wangu, Mzee Sefu, fundi cherehani. Wamanyema, ndivyo watu wa kwetu tunavyoitwa huku, waliwahi kuitembea njia ile enzi za misafara, wamebeba vichwani pembe za ndovu, mali ya watu. Mimi niliipita nimekaa, nimebeba mimba. Pale Kaliua treni ilisimama muda mrefu, nikajinyoosha kwenye benchi, chali. Hapo ndipo jinamizi liliponijia mara ya kwanza. Macho wazi, sauti za wauza ndizi dirishani nazisikia, na mwili umekataa. Na juu yangu, Bi Riziki.

Baada ya kujifungua likazidi. Mtoto alikuwa halali usiku, kwa hiyo nililala mchana, na kila nikilala chali Bi Riziki anakuja. Mke wa Mzee Sefu, Mama Mwajuma, alikuwa ananiuliza swali lile.

"Umemwona nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako amekufa."

"Ndiye ninayemwona."

"Mchawi huvaa sura ya maiti wako," alisema, "ili usimtambue."

Basi niambieni, kwa maneno hayo atapona nani? Ukitaja jirani, ni jirani. Ukitaja maiti, bado ni jirani.

Na jirani alikuwapo. Nyamizi, mjane kutoka Ziba, nyumba ya pili. Alinunua masega ya asali kwa watu wa porini, akayeyusha nta uani kwake, na moshi wa nta ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu kama pilipili, na huku watu husema macho mekundu ni ya mchawi. Huyo ndiye aliyeniletea asali kikombeni nilipojifungua. Akinisikia nakoroma ile sauti ya mtu anayetaka kupiga kelele asiweze, aliingia bila hodi, akanishika unyayo, akaniita jina langu. "Amka, mke wa Mmanyema! Dunia bado ipo, na mwanao amejikojolea." Nami nilikuwa naamka.

Wema huo ndio uliomwangamiza.

"Mbona akimgusa yeye, anaamka?" alisema Mama Mwajuma. "Aliyefunga ndiye anayefungua."

Neno likazunguka mtaani. Wakaenda kwa mganga, naye akawaambia mtu mwenyewe yuko karibu, ni mwanamke, na macho yake si ya kawaida. Alilipwa kuku kwa kuwaambia walichokwenda nacho.

Walimwendea mchana, jua kali, sufuria ya nta ikiwa motoni.

"Nyamizi, toka nje!"

"Nje ya wapi? Si nipo uani mnaniona."

"Unamkalia mtoto wa watu kifuani."

"Mimi?" Akaligonga goti lake. "Goti hili halipandi kizingiti mpaka nishike ukuta. Kifuani kwa mtu nitapandaje? Labda nyinyi ndio mnanishikia ngazi."

Wapo waliocheka. Nilikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, nikadhani kicheko kimeyamaliza.

Jiwe la kwanza lilimpiga mkononi.

Nilikimbia katikati yao. Nilipiga kelele kwamba ninayemwona ni Bi Riziki, ni mama mkwe wangu, amekufa akinifunika.

"Huyu mgeni," mtu akasema. "Uchawi wa huku anaujulia wapi?"

Sufuria ikapinduliwa. Nta ikamwagikia miguu yake.

Hakulia. Alinitazama mimi, akasema, "Ingia ndani, mtoto anapigwa na jua."

Jioni hiyohiyo walimpakia kwenye lori la kwenda Nzega ili afike kwao Ziba. Nilidhani huko kwa kaka yake atapumzika. Lakini dereva alikuwa na mdomo, na utingo wake pia, kwa hiyo neno lilifika pamoja naye. Kaka yake alimjengea kibanda mbali, nyuma ya zizi la ng'ombe, na watoto wakakatazwa kumpelekea maji. Vidonda vya miguu havikupona. Habari aliniletea muuza samli, msimu wa kiangazi: wachungaji walimkuta amekufa, siku haijulikani.

Hakuna aliyemuua, walisema. Mama Mwajuma alisema hivyo, akaendelea kuchambua mchele.

Nimeishi sana nikivipima vifo hivi viwili. Waliomuua Bi Riziki walikuwa na bunduki na sikuwajua. Waliomuua Nyamizi walikuwa wakinijulia hali kila asubuhi. Vita vilinipa huzuni, na huzuni nimeizoea. Hili la Nyamizi sijalizoea, na silitaki kulizoea.

Sasa rudini kwa Sauda. Nilimpeleka hospitali kule Kitete, na daktari, binti mdogo tu, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bibi, akili imeamka, mwili bado umelala. Huwa inapita yenyewe." Akasema huwapata wasiolala vya kutosha, na Sauda wangu anakesha na masomo na simu. Kulala chali kunalichochea jinamizi. Na waliopitia hofu kubwa, linawarudia zaidi. Nikamwuliza, na mtu anayeonekana je? Akasema ni ndoto ambayo haijaisha, macho yameshafunguka. Usishindane nalo, alisema. Vuta pumzi taratibu, anza na kidole cha mguu, kimoja. Likikujia mara kwa mara, njoo tena.

Nilikaa pale kwenye benchi nje, nikamfikiria Nyamizi. Maneno machache kiasi hicho.

Mimi lingali linanijia. Siku hizi simsukumi Bi Riziki. Ninavuta pumzi, natafuta kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na moyoni namwambia, shuka, mama, wamekwisha pita. Naye hushuka. Mtoto aliyemfunika siku ile tumboni mwangu ndiye baba yake Sauda. Bila uzito ule, hakuna hata mmoja wenu.

Lakini sijawaambia Sauda alijibu nini. Hadija alipomwuliza amemwona nani, alisema, "Bibi mmoja." Na Hadija, binti niliyemzaa baada ya kuolewa tena hapa hapa Tabora, aligeuka akayatazama macho yangu, ambayo kwa uzee na moshi wa jikoni yamekuwa mekundu.

Hata Mama Mwajuma alianza kwa kutazama.

Tuliporudi kutoka hospitali nikawaita wote uani, mpaka wakwe na yule mpangaji wa chumba cha mbele. Nikawaambia wasimame, maana sitarudia.

"Mtu akipatwa na jinamizi nyumbani humu, mshikeni unyayo, mwiteni jina lake, mgeuzeni alale ubavu, mpeni maji. Atakayeuliza 'nani', afungashe virago vyake siku hiyohiyo, hata kama nimemzaa. Jina litakalotajwa hapo ni la aliyelala, basi. Hadija, umenisikia? Kamletee mwanao Sauda maji."