Gladys Agombea Kiti cha Mzee Eliakim

Gladys alifanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika mji mmoja wa Ujerumani, kisha akarudi Old Moshi kulima kahawa. Mwaka huu aliamua kugombea uenyekiti wa chama cha ushirika. Mzee Eliakim alikuwa akikalia kiti hicho uchaguzi baada ya uchaguzi, bila mpinzani.

"Dada, kiti kile kina mwenyewe," mdogo wake Wilson alimwonya.

"Hata kwenye jimbo nililoishi Ujerumani walisema hivyo," Gladys akamjibu. "Chama kimoja kilishika ubunge tangu kabla sijafika. Halafu jirani yangu akagombea. Mimi sikuwa na haki ya kupiga kura, ila nilimsindikiza nyumba kwa nyumba kwenye baridi kali. Akashinda!"

Basi akazunguka kihamba kwa kihamba, shamba la familia moja hadi jingine, akiwasikiliza wakulima chini ya migomba yao. Siku ya uchaguzi alishindwa kwa kura chache tu.

"Shikamoo, mzee," alisema akimpa Eliakim mkono. "Jiandae, nitagombea tena."

"Marahaba, mwanangu. Umenitoa jasho."

Wiki hiyohiyo mzee alionekana akiwatembelea wakulima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.