Kitenge cha Picha

Nikisikia harufu ya sabuni ya mche, ile ya bluu, sikumbuki usafi. Namkumbuka Mama Stella, na msonyo unanitoka wenyewe.

Mama Stella alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu pale Ilemela, kamati ya kuwatafutia makazi watu waliokimbia vita. Kazi ya Mungu hiyo, sina neno nayo. Neno ninalo na yeye. Ile miaka ya ruksa, mitumba ilipojaa mjini, magauni yaliyoletwa kwa ajili ya wakimbizi tulianza kuyaona mwilini mwake kila Jumapili, shingo kaikaza, eti anahudumu. Kuhudumu gani huko, jamani?

Nyumba iliyopakana na yetu, kule juu kwenye mawe, kamati ilimpangishia Mama Consolata, mjane kutoka Burundi, na wanawe wawili. Alikuwa mama mpole, wa maneno machache. Alifika amevaa kitenge kilichochanika, kimeshika tope na moshi wa safari nzima. Basi Mama Stella akakipenda kitenge kile kuliko aliyekivaa. Akapiga marufuku kisifuliwe! Kilining'inia nyuma ya mlango kinanuka, na kila wafadhili walipokuja na kamera, Mama Consolata alitakiwa akivae, aketi chini, awakumbatie wanawe, alie. Asipolia vizuri, Mama Stella alimkumbusha habari za marehemu mumewe. Kisha wageni walikunywa soda.

Siku moja alimwambia mbele yetu, mkono kiunoni, "Bila picha hakuna kodi ya nyumba, dada. Wapo wengi kambini wanaoitamani hii."

Jumapili moja wageni walitarajiwa mchana. Tuliporudi kutoka kanisani tulikuta kitenge kimefuliwa, kimeanikwa juu ya lile jiwe kubwa linaloonekana tangu barabarani, kinachuruzika maji, kinanukia sabuni. Mama Consolata alikuwa ameketi mlangoni na gauni lililopigwa pasi, wanawe wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Mama yangu aliliangalia lile jiwe, halafu akaingia ndani.

Gari la wageni lilipofika, Mama Stella alishuka anacheka. Alipoona jiwe, kicheko kikakatika.

"We mwanamke! Nani kakwambia ufue?"

"Ni nguo yangu, mama," akajibu Mama Consolata. "Ilikuwa chafu."

Mzungu mwenye kamera, ambaye hakuwahi kufika kwetu, aliangaza huku na huku, anamtafuta mkimbizi, anaona mama nadhifu na watoto wake tu. Kamera ikaanza kurudi kwenye mfuko. Ndipo mama yangu akatokea nyuma ya nyumba yetu, amejifunga kanga iliyoraruka, ile ya kulimia mihogo ng'ambo Kamanga, majivu mpaka viwikoni, amenishika mkono mimi niliyevuliwa viatu vya kanisani. Akaketi chini. Akainamisha kichwa.

"Ndiye huyu?" mgeni akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

Mama Stella, aliyekuwa ameimba kwaya na mama yangu asubuhi ileile, aliitazama kamera.

"Ndiye," akasema, macho makavu. Hana haya hata chembe!

Picha ikapigwa. Nilitabasamu, nikafinywa paja. Kodi ikalipwa, na Mama Consolata akaendelea kuwa jirani yetu, na kile kitenge akakikata vitambaa vya kushikia sufuria.

Mimi nilidhani mama alifumaniwa tu akisafisha meko. Sikuuliza, naye hakusema mpaka tunamzika. Ni juzijuzi tu, nikiwa nafua, ndipo iliponijia kwamba siku ile ilikuwa Jumapili. Mama yangu, aliyewahi kunichapa kwa kufagia uwanja Jumapili! Mama yangu, ambaye hata bombani alikuwa haendi kabla hajajitazama kwenye kioo. Majivu yale alijipaka mwenyewe.