Majani ya Kuliwa

Baba alipozikwa, tulimtoa mama kule Kambove nikamleta kwangu Kasungami. Alikuja na masanduku mawili ya vikwembe, vitenge vyake, na mdomo uliofungwa. Alilala, akageukia ukuta. Chakula nilimpelekea mlemle chumbani. Nikimwomba atoke aote jua, jibu lilikuwa moja kila siku: "Nitoke niangalie nini? Huku kwenu hata kipepeo haipite."

Mama yee! Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na neno lile lilinichoma. Niliapa mbele ya sufuria ya bukari, ugali wetu: kama ni kipepeo anayemtaka, atampata, nami nitamwona mama yangu nje kabla mvua hazijakatika. Nilikuwa naogopa, niseme kweli. Miguu yake ilishaanza kukonda, na mtu mzima akilala hivyo miezi, siku moja hainuki tena.

Mmea wa kutafuta niliujua. Nyuma ya nyumba yetu ya Kambove ulikuwepo mmoja, wenye utomvu mweupe kama maziwa na matunda ya kijani yaliyovimba, yenye vinyweleo. Unaishi miaka, ukiukata, unachipua tena. Baba alikataza usiguswe, kwa sababu vipepeo wa rangi ya chungwa hawakuacha kuuzunguka. Niliukuta huku kando ya reli, matunda yamepasuka, mbegu na pamba zake zikitaka kuruka. Nikajaza mfuko.

Mara ya kwanza nilizifukia chini sana, kama mahindi. Zikaoza zote. Mara ya pili nilizitawanya juu juu, kuku wa jirani wakazimaliza. Jirani mwenyewe, mama anayeuza makala, yaani mkaa, alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Mwenzangu, unalima majani? Tutaikula na bukari?"

"Ngojea tu," nilimwambia. "Utaona."

Mara ya tatu nilitoboa makopo ya nyanya, nikachanganya udongo mwekundu na mchanga na samadi, nikazibandika mbegu juu na kuzifunika kidogo sana. Nikayapanga makopo chini ya dirisha la mama, kipande cha chandarua juu yake, kuku wajue kwamba mimi sichezi. Kila asubuhi nilinyunyiza maji kwa vidole. Siku ya kumi na moja niliona majani mawili, membamba. Nilipiga kigelegele peke yangu uani kama mwenda wazimu. Pazia la mama lilitikisika kidogo, basi.

Niliihamishia miche ardhini, ikafika magotini. Ndipo viwavi walipokuja, wana mistari nyeusi, nyeupe na njano, wanatafuna bila haya. Jasho langu lote! Nilijaza kopo maji ya sabuni, nikawa nawaokota mmoja mmoja na kuwatumbukiza, huku nikiwatukana wao na ukoo wao.

Asubuhi ya tatu ya kazi hiyo, mlango ulifunguka nyuma yangu.

"Weye!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, hana viatu, amejishikiza ukutani.

"Mama, wanakula maua yako!"

"Bile njo batoto ya bipepeo, mujinga weye! Unaua batoto, kisha unangojea bazazi bakuje kukusalimia?"

Mimi mzaliwa wa Katanga, niliyekula viwavi tangu sijaota meno, niliyewanunua kwa kikombe sokoni maisha yangu yote, sikuwahi kujiuliza wakiachwa wanakuwa nini. Kwetu mwisho wa kiwavi ni sufuria.

"Lakini watamaliza majani yote," nilisema.

"Bikule. Weye na bandugu yako mulikula nyumba yangu yote. Nilibatupa mu sabuni?"

Akaninyang'anya kopo, akalimwaga. Nilikimbia kumletea kiti, akakaa palepale kuwalinda viwavi, na adui mwenyewe nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimtolea kiti, naye alikaa mpaka jua likawa kali. Viwavi walikula mpaka mashina yakabaki uchi. Jirani alipita akakohoa makusudi. Iliniuma, sitaficha, lakini niliuma meno nikaacha. Halafu wakajining'iniza chini ya ukingo wa dirisha, kila mmoja ndani ya kifuko chake, tukangoja.

Asubuhi moja nilikwenda kuchukua kiti kama kawaida. Hakikuwepo. Nilitoka mbio.

Mama alikuwa amekitoa mwenyewe. Amefunga kikwembe kizuri, ameketi karibu na mashina yaliyoanza kuchipua upya, mkono ameunyoosha. Kwenye kidole chake kipepeo wa rangi ya chungwa alikuwa anakausha mabawa.

"Nyamaza," alisema, ingawa sikuwa nimesema kitu. "Ile njo baba yako alikuwa anapendaka."

Tangu tumzike, hakuwa amemtaja hata mara moja.