Nilimuaga babu kwa "chao"

Jamani, msimuage mzee kwa neno mnalojua maana yake.

Leo asubuhi huku Nyanungu namuaga babu, nirudi kazini hotelini Serengeti. Nikamwambia, "Babu, chao."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikajifanya msomi. Nikamweleza kwamba Waitaliano, Wajerumani, Wareno, wote huagana hivyo, na zamani kule Italia ilimaanisha "mimi ni mtumwa wako."

Babu akafurahi mno. Akaingia ndani, akatoka na koleo.

"Basi mtumwa wangu, samadi ya zizini haijazolewa."

Nimezoa yote. Nikiwa na viatu vya kazini, tena vyeupe.

Nikaaga upya, safari hii kwa adabu: "Kwaheri, babu."

"Kwaheri ya nini? Niage kama Waitaliano."

Koleo nimemrudishia, analo mkononi. Ingekuwa wewe, ungejibuje?