Mashujaa Wasiopiga Hodi

Kamati ya Programu ya redio yetu hapa Kisangani, ikikaa katika kikao chake cha kawaida na baada ya kulipima jambo kwa kina, imetamka kwamba katuni za Kijapani na michezo ya video ni mambo ya watoto. Kwamba hayamhusu kwa namna yoyote mtu mzima wa jimbo la Tshopo. Na kwamba kwa sababu hiyo kipindi cha Jumamosi jioni kiitwacho Bila Hodi kitatoa nafasi yake kwa kipindi kipya, Tafakari ya Maendeleo. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa studio likiwa na mihuri miwili. Muhuri wa pili ulikuwa wa nini, hakuna aliyeuliza.

Mwenye kipindi, Safiya Feruzi, alilisoma akiwa amesimama, mita ya kupimia nguo ingali shingoni, maana alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Alilisoma mpaka chini, akasema, “Bon,” yaani haya, akaingia ndani.

Safiya ni mshonaji wa nguo katika mtaa wa Tshopo, si mbali na bwawa la umeme, mahali ambapo mgeni angedhani umeme haukatiki. Ukoo wake ni wa wale Waislamu waliofika na misafara ya biashara katika karne ya kumi na tisa na hawakupata sababu ya kurudi. Ana mashine mbili za kushonea, moja ya mguu kwa siku za kawaida na moja ya umeme kwa siku za bahati, na ana msimamo juu ya kila mfululizo wa katuni wenye upanga, joka au mfalme uliowahi kufika Kisangani ndani ya flashi ya mtu.

Ilianza na tonton yake, yaani mjomba wake, Rashidi, aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge kwa njia ya Kampala. Siku moja alirudi na mashine ya michezo iliyotumika, ya kijivu, na mchezo mmoja tu ndani yake: mmoja wa ile mirefu ya zamani, ambamo kijana anatoka kijijini, anakusanya wenzake, anapita mapango na majumba ya wafalme, na baada ya jasho la miezi anakutana na mnyama anayetaka kuimaliza dunia. Mchezo wenyewe ni wa maandishi zaidi kuliko mapigano, na maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Nyumbani kwao hakuna aliyekijua. Safiya alikopa kamusi kwa mapadri na kuanza kazi.

Matokeo yake ni kwamba alipofika umri wa miaka ishirini alikuwa anajua Kiingereza cha namna yake. Alijua kusema upanga wenye laana, lango lililofungwa kwa uchawi, na mfalme anakungoja. Kisha mhandisi mmoja Mkenya akaja dukani kufupisha suruali, akamwamkia kwa Kiingereza, na Safiya ikambidi aitikie kwa Kiswahili. Alirudi nyumbani akaupitia mchezo upya tangu kijiji cha kwanza, akitafuta salamu. Hakuna. Shujaa anazunguka dunia nzima, anaingia katika kila nyumba, anafungua makabati, anavunja mitungi, anachukua dawa na fedha, anatoka. Wenye nyumba wamesimama palepale wanamtazama. Hakuna hodi, hakuna karibu.

Hapo ndipo alipopata msimamo wake wa kwanza, na jina la kipindi cha baadaye.

Kipindi chenyewe hakukiomba. Aliitwa studio kushona mapazia mazito ya kuzuia kelele za pikipiki, na akiwa juu ya ngazi alimkuta Hélène, fundi wa mitambo, anatazama kwenye simu mfululizo ambao kila mtu mjini alikuwa anautazama mwaka ule. Kijana anagongwa na lori kwao Japani, anaamka katika dunia nyingine, ana nguvu zote, na wasichana wanne wanampikia.

“Hélène,” alisema Safiya kutoka juu, sindano mdomoni, “barabara ya Bafwasende iko na malori ngapi?”

“Mingi.”

“Na batu bakigongwa, nani alirudia kutuambia eti amekuwa mufalme? Banaamukaka hospitali. Wengine habaamuke. Na pale hospitali, chakula ni familia njo inaleta, si wasichana wane.”

Hélène alicheka hadi akawasha kipaza sauti bila kukusudia, au ndivyo anavyosema. Dakika zilizofuata zilisikika mjini kote, na mji ukataka zaidi. Mapazia yalikamilika wiki hiyo, na nusu saa ya Jumamosi ikawa ya Safiya.

Tangu hapo mji umejua maoni yake. Anaona kwamba wale watu wa masikio marefu, ambao katika kila mfululizo wanaishi miaka mia tano na sura ya msichana wa shule, ni aibu kwa uzee: mtu wa miaka mia tano asiye hata na mjukuu wa kumtuma maji! Anaona kwamba shule za uchawi hazisadikiki, kwa sababu mitihani inajaza misimu mitatu na hakuna mwanafunzi hata mmoja anayefukuzwa kwa kutolipa minerval, ada ya shule. Anaona kwamba mfalme wa mashetani ndiye mtu pekee katika hadithi nzima mwenye ofisi, wafanyakazi na mpango wa kazi. Kuhusu michezo ya zamani, anakubali kwamba kushambuliwa na wanyama kila baada ya hatua chache kunachosha, na kwamba barabara ya Banalia nayo ina vizuizi vyake, ila pale angalau unajua askari wamesimama wapi. Lakini wasikilizaji wanapolalamika kwamba mwenye duka wa kijiji cha mwisho, mlangoni mwa shetani mwenyewe, anamuuzia shujaa dawa kwa bei ya kukata pumzi, Safiya humtetea mwenye duka. Nani ameleta ile dawa mpaka kule? Kwa usafiri gani? Nenda kwenye machimbo ya dhahabu uulize bei ya sabuni, kisha rudi umlaumu.

Kwa sababu za busara hatamki neno mchawi hewani. Husema fundi wa moto, fundi wa barafu. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliwahi kupiga simu kutoka mtaa wa Mangobo kuuliza kama alikuwa anatukanwa.

Nusu saa hiyo, basi, ndicho kitu pekee ambacho Safiya alikuwa nacho mjini bila kukirithi, kukinunua wala kuolewa nacho. Kuipoteza kungemrudisha kwenye mashine zake mbili na wateja wanaoitikia “ee, mama” huku wakitazama pindo. Alikuwa anataka ibaki. Hakuficha, na hakuomba.

Mkurugenzi, Papa Sébastien, alikuja mwenyewe studio Jumamosi ya mwisho, kwa suti, kuhakikisha kwamba mambo yanakwisha kwa heshima. Ni mtu mwema aliyesomea sheria kwa kiasi cha kutosha kumzuia asifurahi.

“Mama Safiya,” alisema, “utasema aksanti kwa wasikilizaji, utaweka muziki, utafunga. Bila histoire, bila maneno mingi.”

“Bila histoire, papa Directeur.”

Akakaa kwenye kiti cha mgeni, mikono juu ya magoti. Hélène akainua kidole. Taa nyekundu ikawaka.

“Bandugu,” alisema Safiya, “leo ni mara ya mwisho. Donc sitasema katuni yoyote. Niko na kesi tu. Kijana mumoja anaingia ndani ya numba ya mama muzee. Hapige hodi. Anavunja mutungi, anachukua dawa ya mama, anaenda. Ile dawa njo inamuponesha wakati wa vita. Anaua munyama, anaokoa kijiji chote, na mama muzee ndani yake. Sasa anarudi. Swali: iko na deni ya ule mama, ao hana? Namba ya simu munaijua.”

Papa Sébastien alitazama saa. Simu ililia kabla hajaushusha mkono.

Wa kwanza alikuwa Papa Jean-Marie, mvuvi wa kwenye maporomoko, na nyuma yake yalisikika maji. “Mama, swali moja. Alipiga hodi?”

“Nimesema hapana, papa.”

“Alors mi sitaki kusikia mambo ya kuokoa kijiji. Akuje na mutungi mupya, akae chini, aseme anatoka kwa nani. Kisha tutaongea.”

Micheline, anayeuza sokoni chikwangue, ile mikate ya muhogo, hakukubali. Alitaka kujua mwanamke wa namna gani anaacha mlango wazi na dawa ndani ya mtungi, tena katika kijiji chenye mnyama. “Ule mama naye aulizwe! Dawa ya nini? Ya nani? Bwana yake iko wapi?” Mtu wa tatu, ambaye hakutaja jina ila alisema mara mbili kwamba ni mtumishi wa Serikali, alitoa hoja kwamba pengine kijana alisema kokoko badala ya hodi, kama vijana wa sasa wanavyofanya, na mama kwa uzee hakusikia.

“Hakusema kitu,” Safiya akajibu. “Shujaa wa ile michezo hasemi. Batu banaongea naye tangu mwanzo mpaka mwisho, yeye anatazama tu.”

“Hata neno moja?”

“Hata moja.”

“Mama,” alisema mtumishi wa Serikali, kwa sauti ya mtu aliyeona mlango, “huyo kijana ni bubu.”

Naomba msomaji aelewe ukubwa wa jambo. Kwa miaka mingi wataalamu wa nchi za mbali wameandika kurasa nyingi juu ya ukimya wa shujaa huyo, wakisema ni kioo cha mchezaji. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwenye maelezo rahisi. Kesi ilikuwa imegeuka. Bubu hawezi kusema hodi. Je, unamdai bubu hodi?

Simu zikaanza kungojeana. Papa Jean-Marie alirudi hewani, amekasirika, kusema kwamba jirani yake ni bubu tangu kuzaliwa na hajawahi kuingia kwa mtu bila kupiga makofi mlangoni. Micheline akarudi kusema kwamba makofi yanataka mikono mitupu, na kijana ana upanga. Aliulizwa kwa nini kijana asiuweke chini. “Mbele ya numba ya mutu asiyemujua? Na ule munyama iko inje? Papa, wee unaweka ndobo yako ya samaki chini sokoni?”

“Lakini ni hali ya dharura!” alisema mtu.

Alikuwa Papa Sébastien. Alikuwa ameegemea mbele, tai juu ya meza, mdomo kwenye kipaza sauti cha mgeni ambacho Hélène, kwa bahati ile ile anayobahatika kila mara, alikuwa amekiacha wazi. “Kisheria iko wazi kabisa! Mutu akichukua kitu ya mwenzake juu ya kuokoa uzima, kule si kuiba. Hodi ao hapana hodi, dharura inaondoa kosa! Mutungi tu njo atalipa. Mutungi, dawa hapana!”

“Mama Safiya,” alisema Papa Jean-Marie polepole, “huyu mutoto anayesema dharura ni wa nani?”

“Papa…”

“Nauliza tu. Bazazi yake habakumufunza hodi?”

Hélène alijificha chini ya meza ya mitambo. Papa Sébastien alijitambulisha kwa jina, cheo na umri, kisha akaomba apewe nafasi ya kujibu, na akapewa. Alijibu kwa kirefu. Micheline alimwunga mkono kuhusu dawa na kumwacha peke yake kuhusu mtungi. Msomaji wa habari alifika na karatasi zake, akasimama mlangoni kungoja zamu, na baada ya muda akasikika akisema kwamba yeye, kwa upande wake, angetaka kwanza kujua kama mama mzee alipona.

Habari za jioni zilichelewa siku hiyo, jambo ambalo halikutokea hata kwa mazishi ya waheshimiwa.

Safiya hakusema aksanti wala hakufunga. Alikunja mita yake, akamwachia Papa Sébastien kipaza sauti, na akaondoka kwenda kumalizia sare za kwaya. Mlangoni Hélène alimwuliza yeye mwenyewe anafikiri nini, kijana ana deni au hana.

“Deni iko naye,” alisema Safiya. “Lakini si ya mutungi. Alitoka bila kuaga.”

Jumatatu Kamati ilikaa tena. Kulikuwa na barua za wasikilizaji, na wauza saruji wanaolipia matangazo walikuwa wametuma mtu kuuliza, kwa upole, kama kesi itaendelea. Papa Sébastien alieleza, akiwa na sauti iliyokauka, kwamba uamuzi wa Kamati haubadiliki kwa sababu ya simu. Wajumbe walikubali wote. Katuni na michezo ya video ni mambo ya watoto, na Tafakari ya Maendeleo ilianza Jumamosi, saa ile ile, kama ilivyotangazwa.

Kwa hiyo, katika ratiba mpya, Bila Hodi kimewekwa chini ya kichwa Vipindi vya Watoto, na kimeongezwa kuwa saa nzima. Wauza saruji ndio waliochagua muda: kinaanza saa tatu na nusu usiku, watoto wakishalala.