Fungu la Ndege

Mwalimu Thuwaiba alikuwa na tabia iliyowachosha wakuu wake: kuuliza. Serikali ilipowapunguzia Waboni, watu wa msituni Lamu, alama za kuingia chuo cha ualimu, maana shule zilichelewa kuwafikia, aliuliza mbona kijijini kwao amefika yeye peke yake. Basi akahitimu, akarudi kwao msituni, bara, ng'ambo ya kisiwa cha Kiwayu, akaanza kufundisha.

Mwaka huu swali moja lilimnyima usingizi: je, gredi ya nne itafunguliwa pale? Sharti lilikuwa watoto kumi na watano waonekane kwa macho ya afisa siku ya kuhesabiwa. Akipungua hata mmoja, wote wangevushwa bahari wakalale bwenini kisiwani, nao hawajawahi kulala mbali na mama zao.

Siku yenyewe walitimia wote, wameoga, wanang'aa mafuta. Ndipo ndege wa asali, yule aongozaye watu hadi kwenye nyuki, akatua dirishani na kuanza kelele zake. Kwa Waboni, ndege huyo akikuita hukatai. Ukimkataa leo, kesho atakupeleka kwa nyoka.

"Mwalimu, atuita," alisema Sundus, mguu mmoja tayari uko nje ya dawati.

Thuwaiba alitazama njia. Afisa hajafika. Na mwenyewe, tuseme kweli, alikuwa anawashwa kujua ndege yule ameona nini. Akabeba rejista, akaandika ubaoni: "Tumefuata ndege. Fuata matawi tuliyovunja." Wazimu mtupu, na alijua.

Bwana Hudson, afisa wa elimu, alikuta madawati matupu. Alisoma ubao mara mbili, akakunja suruali, akaingia msituni. Aliwakuta chini ya mti, moshi umetanda, Sundus anahesabu masega kwa sauti. Naye akahesabu watoto.

"Kumi na wanne, Mwalimu."

Thuwaiba akapitisha kidole kwenye majina ya rejista. Kisha akakumbuka. "Na juu je, Bwana Hudson?"

Uthman alikuwa tawini, asali hadi viwikoni.

Hudson akapewa kipande cha sega, akakipeleka kinywani.

"La!" darasa zima lilipiga kelele. "Cha kwanza cha ndege!"

Akakiweka juu ya gogo upesi, akarudi nyuma, akangoja kuona kama ndege atakuja kweli. Akaja. Hudson alicheka peke yake.

Ndipo akafungua fomu. Thuwaiba alichungulia begani kwake. Idadi: kumi na watano. Chini yake paliulizwa watoto wamekutwa wapi. Hudson alifikiri kidogo, vidole vinanata, akaandika: darasani.