Daftari la Kuni la Njuki

Mimi ni Karambu, na leo sitasema kwa upole. Mume wangu, Njuki, alichochea boila ya kiwanda cha majani chai huku kwetu Embu kwa miaka ishirini na miwili. Mvuke wake ndio uliokausha majani ya wakulima wa mlima huu, na yangu yakiwemo.

Kuni alizijua. Alikuwa akichukua vipande viwili, anavigonganisha karibu na sikio. Kavu hulia, ko! ko! Mbichi hunyamaza. Hata hapa nyumbani hakuna kuni iliyoingia jikoni kwangu bila kugongwa. Nilikuwa nikimtania, "Baba Kendi, hizo ni kuni, si gitaa." Anacheka, halafu anagonga tena.

Basi meneja mpya akaanza kuleta kuni mbichi. Asubuhi ni mti umesimama shambani, jioni uko ndani ya boila! Ukichoma kuni mbichi, moto unahangaika kwanza kukausha maji yaliyo ndani ya kuni, ndipo boila ipate joto. Unachoma lori mbili kwa kazi ya lori moja. Njuki alimwambia meneja mara tatu. Akajibiwa achochee, anyamaze. Wauza kuni walikuwa watu wa meneja mwenyewe, nani asiyejua?

Njuki akanunua daftari la shule. Kila lori likiingia aliandika siku, uzito, na pembeni neno moja: kavu au mbichi. Aliandika miaka minne.

Mwaka jana wakaja wakaguzi wa nishati. Hao hupima moto na umeme wa kiwanda vinaenda wapi na vinapotelea wapi. Na aliyewaongoza ni nani? Mugendi! Mugendi huyu alipokuwa mwanafunzi wa chuo alifanya mazoezi kwa hiyo boila miezi mitatu. Alilala kwangu, akala githeri yangu, na Njuki ndiye aliyemfundisha kusoma geji ya kupimia mvuke. Nilimwita mwanangu. Nilipomwona nilifurahi, nikachinja kuku, mjinga mimi.

Njuki alimtembeza kila pembe. Akamwonyesha bomba linalovuja mvuke na lile lililobaki uchi bila kufunikwa. Mwisho akampa daftari. Jioni akaniambia ukweli sasa utajulikana.

"Umebaki na nakala?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama nimemtukana mtu. "Huyo ni mtoto wetu, Mama Kendi."

Baada ya miezi miwili ripoti ikatoka. Ilisema kiwanda kinachoma kuni mara mbili ya zinazohitajika, na sababu ni mtu wa boila asiyejua kazi. Uzito wote uliopigiwa hesabu ulitoka kwa daftari la Njuki, lori baada ya lori. Lakini neno mbichi, haki ya Mungu, halikuwemo hata mara moja. Njuki akafutwa siku hiyo, akiwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Na kule kituoni tunakopimia majani, wanawake niliosali nao wakaanza kusema bonasi yao ya majani imechomwa na mume wangu. Nililia mpaka nikachoka. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajasoma.

Jumapili moja baada ya kanisa Mugendi akaja na mkate na sukari. Nikamkaribisha jikoni, si sebuleni. Nikawasha moto na matawi ya mgrevilea niliyoyakata asubuhi hiyohiyo. Moshi ukajaa, sufuria ya chai ikakaa tu, haitoi hata povu. Mgeni akakohoa, machozi yakamtiririka.

"Mama, hizi kuni ni mbichi."

"Wapi! Kuni ziko sawa kabisa," nikamwambia. "Wewe andika Karambu hajui kuwasha moto."

Akainamisha kichwa. Akasema meneja ndiye aliyekuwa mlipaji wa ukaguzi, na ukurasa wa kuni mbichi aliukataa. Mkubwa wake Mugendi naye alitaka wapewe viwanda vingine vya kukagua. "Ningefanya nini, mama?"

"Ungeacha kumtaja Njuki!" nikasema. "Hata hilo lilikushinda?"

Njuki alikuwa ameketi karibu na mlango. Sasa akauliza jambo moja. "Daftari langu liko wapi?"

Mugendi akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Meneja aliliomba, mzee. Nikampa."

Njuki hakumtukana. Alimfungulia mlango, moshi ukatoka, na Mugendi akatoka nao. Mkate nikampa mbwa.

Kesho yake nilimwomba Njuki aniletee kuni. Akaleta mzigo, akautupa karibu na meko, akarudi nje kukaa. Hakugonga hata kipande kimoja.